Wavu Alioufuma Fausta

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alifiche kwanza mdomoni. Hadithi hii nimeisimulia harusini nikanyimwa pilau. Nimeisimulia matangani, ndugu wawili wakanuniana mpaka siku ya kuanua. Leo naileta kwenu. Ni ya mpira wa kikapu, ila hata kama hujawahi kuugusa mpira huo utaielewa, maana mwisho wake ni mama mmoja, wavu mmoja, na watu wanne wanaoustahili.

Mahali penyewe ni Singida, mji ambao upepo wake hauombi ruhusa. Asubuhi unatulia, mchana unaanza kuvutavuta kanga za watu, na jioni umeushika mji mzima. Uwanja wa kikapu wa pale ulikuwa wa saruji, hauna paa wala ukuta, na kabla ya kila mazoezi wachezaji walikuwa wakipokezana ufagio kuondoa mchanga. Timu ya wanawake ya uwanja huo iliitwa Alizeti. Kocha wao alikuwa mama mmoja, Sesilia Ntandu, lakini jina hilo lilikaa kwenye vyeti tu. Mji mzima ulimwita Mama Fausta, kwa sababu ya mwanawe wa pekee, na mwanawe huyo naye alikuwa akichezea Alizeti.

Nianze na vipaji vyao, maana kesi yote iko humo.

Paskazia alijaliwa mikono. Ndiye aliyekuwa nahodha. Mpira ukiwa kwake alikuwa anakutazama wewe, anamcheka mwenzako, na pasi inakwenda kwa mtu wa tatu ambaye hata hajainua kidole kuiomba. Ukimuuliza alimwonaje, atakujibu, "Sikumwona mimi. Mkono ndio uliojua." Wengine waliona ni majivuno. Mama Fausta alijua ni kweli tupu.

Zaituni alijaliwa kusimama. Mnacheka? Nendeni mkajaribu. Kazi yake ilikuwa kusimama njiani mwa beki ili mwenzake apate nafasi, na akishasimama, hata ukimvaa na mkokoteni wa matofali, wewe ndiye utakayepewa pole. Kazi hiyo haina makofi. Watu humshangilia aliyefunga, na aliyegongwa anakwenda kujikanda na maji ya moto nyumbani kwao.

Sikudhani alijaliwa miguu. Alikuwa mdogo kuliko wote, katoka sekondari juzi tu, na viatu alivyovaa vilikuwa vikubwa, kavijaza vitambaa kwenye vidole. Lakini akiondoka, ameondoka. Kocha alikuwa akimfokea kila siku apunguze mbio, kwa sababu alikuwa akifika mahali kabla ya mpira, kisha anasimama pale akishangaashangaa.

Na Fausta alijaliwa kona. Hii inataka maelezo kidogo. Kwenye goli la magharibi, kona ya kushoto, upepo wa jioni ulikuwa unapita kwa ubavu. Kila aliyerusha mpira kutoka pale aliuona ukichepuka na kupotelea nyuma ya ubao. Makocha wote waliwakataza wachezaji wao kurusha kutoka pale. Fausta, ambaye alikuwa wa mkono wa kushoto na mbishi kwa kila kitu, alikaa kwenye kona hiyo msimu mzima akirusha na kukosa, akirusha na kukosa, mpaka siku moja akapiga kelele peke yake uwanjani. "Mama! Usilenge ringi! Lenga nje ya ringi, huku ndani ya uwanja, halafu uuachie upepo!" Tangu siku hiyo kona ikawa yake. Sikudhani, ambaye wakati huo alikuwa hajasajiliwa, ndiye aliyekuwa akisimama chini ya goli kumrudishia mipira.

Kutokana na kona hiyo ukazaliwa mchezo wao wa dakika za mwisho. Fausta ndiye aliyeuvumbua, na ndiye aliyeupa jina. Aliuita Mlenda, kwa sababu Singida mlenda ndio mboga, na kwa sababu mpira ulikuwa unateleza na hakuna anayeweza kuushika. Paskazia anaingia na mpira kulia, mabeki wanamfuata. Zaituni anasimama ukuta. Mpira unateleza kwenda kona ya kushoto, na Fausta anamaliza. Timu ilipokuwa nyuma na muda umekwisha, Mama Fausta alikuwa anatamka neno moja tu, na wapinzani walioanza kusherehekea wanajikuta wameshika viuno.

Sasa nije kwenye wavu. Ringi za uwanja ule zilikuwa tupu mwaka mzima. Nyavu zilifungwa siku ya fainali peke yake. Alizeti wakishinda, walikuwa na desturi yao: wavu wa goli lililotoa kikapu cha mwisho unafunguliwa, hauchanwi, na anapewa mtu mmoja. Sharti lake lilikuwa hili: apewe yule ambaye bila yeye kikapu hicho kisingekuwepo. Mwenye kuamua ni kocha. Anapanda ngazi mwenyewe, anaufungua mwenyewe, na anautoa kabla hajatoka uwanjani. Akishautoa, mambo yamekwisha, hakuna rufaa.

Mwaka uliotangulia huu wa kesi yetu, kikapu cha mwisho kilitoka kwenye kona. Fausta alikuwa amekifunga kwa Mlenda, mkono wake ukiwa bado hewani filimbi ilipolia. Mji mzima ulijua wavu ni wake. Mama yake akapanda ngazi, akaufungua, akashuka, akampa Paskazia, eti kwa ile pasi. Unajua kwa nini. Aliogopa watu watasema anampendelea mwanawe.

Fausta hakugomba. Walirudi nyumbani wakala, akaosha vyombo, akavipanga, ndipo aliposema, "Mama, hivi mimi ningekuwa mtoto wa jirani, ungenipa?"

Mama yake akaanza kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Basi sawa," Fausta akasema, akaanza kucheka. "Mwakani wavu nitaufuma mwenyewe, kwa mikono yangu. Tuone kama utaninyima kitu nilichokifuma mimi."

Na mama akacheka naye. Angejua, asingecheka. Angekwenda kwa Paskazia usiku huo huo akapige hodi, aurudishe ule wavu.

Fausta aliufuma kweli. Alinunua kamba ya manila nyeupe, akakaa nayo kibarazani jioni baada ya jioni, na kwa kuwa alikuwa wa kushoto, vifundo vyake vyote vililalia kushoto. Alipoumaliza aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mama yake, makusudi, ili auone kila akifunga mlango. Mwezi wa pili akashikwa na homa. Homa ikapanda kichwani, na wiki haikuisha.

Alizeti walimzika wakiwa wamevaa jezi. Zaituni alishika upande wa kichwani wa jeneza, akasimama nalo vile vile anavyosimama uwanjani.

Baada ya hapo yalitokea mambo mawili, na hakuna aliyeyapangia kikao. La kwanza, watu waliacha kumwita Mama Fausta. Walikuwa na nia njema. Waliona jina lile litamchoma, wakaanza kumwita Kocha. Sokoni, Kocha. Kanisani, Kocha. Hata jirani yake aliyekopa chumvi kwake miaka yote alibisha hodi akasema, "Kocha, upo?" Yeye alikuwa anaitikia. Usiku alikuwa anajiita mwenyewe, kwa sauti ndogo, ili jina lisije likafa nalo.

La pili lilikuwa la uwanjani. Wasichana waliacha kuikanyaga ile kona. Siku ya kwanza ya mazoezi baada ya matanga, aliyekuwa na zamu ya ufagio alifagia uwanja wote akaishia pale, akaweka ufagio chini. Hakuna aliyemwuliza. Mchezo wa Mlenda haukutajwa tena. Mpira ukidundia kwenye kona ile, waliusubiri utoke wenyewe. Kama kocha, Sesilia aliona kwamba timu yake inacheza kwenye uwanja uliokatwa pembe moja. Kama mama, alishukuru. Alinyamaza, na kunyamaza kwake wasichana wakakuchukua kuwa ni ruhusa.

Akawatengenezea mchezo mwingine wa mwisho: mpira wote apewe Zaituni chini ya goli, amalizane nao kwa mabega. Ulikuwa mchezo wa nguvu, hauna ladha, lakini uliwafikisha fainali. Na fainali walikutana na Zabibu wa Dodoma.

Kocha wa Zabibu aliitwa Chilewa, mzee mmoja mpole, mwenye kofia ya kufumwa na macho yanayoona kila kitu. Alikuwa ameitazama Alizeti nusu fainali nzima bila kuandika chochote, akagundua jambo ambalo watu wa Singida walikuwa wanaona aibu kulitamka: timu hii haisimamishi mtu kwenye kona ya kushoto. Hakujua sababu. Alichojua ni hesabu, kwamba hana haja ya kupoteza beki kulinda mahali ambapo hakuna mtu. Kwa hiyo akamwekea Zaituni mabeki wawili, akaiacha kona wazi.

Kipindi cha kwanza Alizeti walihangaika. Kila mpira uliokwenda kwa Zaituni ulikuta mikono minne. Sesilia akabadilisha. Alimwambia Sikudhani aanze mbio kutoka nyuma kabisa na akate katikati, na vikapu vikaanza kuingia. Chilewa naye akabadilisha, akamrudisha nyuma msichana wake mwepesi kuliko wote, na njia ya Sikudhani ikafungwa. Walipobadilishana magoli, Alizeti sasa wanashambulia lile la magharibi, Sesilia akabadilisha tena: akawaambia watulie, wadunde mpira mpaka Zabibu wachoke kukimbiza, warushe pale tu wanapoona mwanga. Pointi zikarudi taratibu. Upepo ulikuwa umeshaamka, na wavu mpya wa manila kwenye goli lile ulikuwa unapepea hata pasipo na mpira.

Sesilia alikuwa ameufunga mwenyewe asubuhi. Alisimama muda mrefu mbele ya ule msumari kabla ya kuutungua.

Zikabaki sekunde chache. Alizeti wako nyuma kwa pointi moja, mpira ni wao. Sesilia akaomba mapumziko, akapiga magoti kwenye saruji na kipande cha chaki, wasichana wakamzunguka wakihema. Alichora duara la Paskazia. Alichora duara la Zaituni. Aliwachora wengine wawili upande wa kulia, wa kuvuta macho ya mabeki, na Sikudhani akamweka nyuma kabisa, katikati ya uwanja, awe mlinzi mpira ukipotea. Halafu chaki ikaenda yenyewe mpaka kwenye kona ya kushoto, ikagota.

Alikuwa ameona tangu robo ya kwanza. Zabibu wote walikuwa wameegemea upande mmoja. Kona ilikuwa wazi, na ilikuwa wazi kwa ajili ya Fausta.

"Mlenda," akasema.

Hakuna aliyemtazama. Paskazia alikuwa ameinamia viatu vyake. "Na kona, Kocha?" akauliza. "Anasimama nani?"

Sesilia akafungua mdomo. Aliwajua wote kwa majina, na majina ya baba zao. Lililokuja mdomoni lilikuwa moja tu, na mwenyewe hayupo. Filimbi ikalia. Wakarudi uwanjani bila jibu.

Sasa fungueni masikio, maana hapa kila mtu alifanya la kwake, na yote yalifanyika kwa pumzi moja.

Paskazia aliingia kulia. Mabeki wawili wakamvaa, wa tatu akamziba Zaituni asipewe. Hakuwa na pa kwenda. Na hapo, huku anatazama goli, mkono wake uliutuma mpira kwenye kona ya kushoto. Hakuna aliyekuwa kule. Mpira ukapaa peke yake kuelekea mahali patupu, kwa kasi ile ile na kimo kile kile Fausta alichokuwa anakipenda, kifuani, upande wa kushoto. Jukwaani mtu mmoja akasema, "Mungu wangu, kapoteza!" Lakini bila pasi ile, mpira ungefia mikononi mwa mabeki.

Zaituni alikuwa amesimama. Beki mwepesi wa Zabibu aliuona mpira unavyokwenda, akageuka kuufukuza, na njia yake ilipita mahali Zaituni alipopanda miguu. Alimvaa kwa nguvu zote, kiwiko mbele. Zaituni alikuwa amekunja mikono kifuani, na alisikia mfupa wa kifundo cha mkono ukikatika. Hakuanguka. Aliuma meno akasimama mpaka mpira ulipotoka mkononi mwa mwenzake, ndipo magoti yalipomwachia. Bila kusimama kule, beki angefika kwanza.

Sikudhani alikuwa katikati ya uwanja, alikowekwa. Aliona mpira unakwenda kwa mtu ambaye hayupo. Akaondoka. Alipokaribia kona alisikia sauti kutoka kwa mashabiki wa nyumbani, watu wa Alizeti wenyewe: "We! Usikanyage pale!" Akakanyaga. Aliudaka mpira umeshadunda mara moja, unakaribia kutoka nje, mguu mmoja wenye kiatu cha vitambaa ukiwa hewani. Na alikumbuka. Hakulenga ringi. Alilenga nje ya ringi, akauachia upepo. Bila miguu ile, na bila ujasiri ule, pasi ya Paskazia ingekuwa ya kuchekwa mpaka leo.

Na Fausta? Fausta alikuwa makaburini, ng'ambo ya barabara ya Dodoma. Lakini mchezo ulikuwa wake. Kona ilikuwa yake, siri ya upepo ilikuwa yake, na ilikuwa wazi jioni ile kwa sababu yeye hayupo. Bila yeye, mkono wa Paskazia usingekuwa na pa kwenda, Sikudhani asingejua pa kulenga, na Chilewa asingeacha pengo.

Mpira ulikwenda kombo. Watu waliuona umekosa. Kisha upepo ukauchukua kwa ubavu, ukaurudisha, ukaingia bila kugusa chuma. Wavu ukatikisika, ukatulia. Filimbi.

Uwanja ulilipuka. Sesilia hakuruka. Alikuwa bado amepiga magoti karibu na mchoro wake wa chaki, kwenye kona aliyoshindwa kuijaza, na alilia palepale mbele za watu, bila kujificha, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya mazishi.

Walipomaliza kumwinua, ngazi ilikuwa imeshaletwa. Akapanda. Alianza kufungua wavu, kifundo kimoja kimoja, na kila kifundo kililalia kushoto. Chini yake walisimama wale watatu. Mwaka mwingine wangekuwa wanaimba. Mwaka huu hakuna aliyeimba.

Wa kwanza kusema alikuwa mdogo wao. "Kocha, nipe mimi," Sikudhani akasema. "Sijawahi kukuomba kitu. Wameanza kusema nimekanyaga kaburi. Ukinipa wavu watanyamaza, watajua ulikubali. Usiponipa, nitakuwa yule msichana aliyekanyaga kona ya Fausta mpaka nizeeke hapa hapa Singida."

Zaituni alikuwa ameushika mkono wake uliovunjika kwa mkono mzima, na kanga ya mtu imefungwa shingoni kuubeba. "Mimi mwezi ujao naolewa Kahama," akasema. "Na mkono huu sijui kama utadaka mpira tena. Miaka yote nimesimama, Mama. Niliyemsimamia anabebwa juu, mimi naokota jezi. Nimesimama uwanjani na nimesimama na jeneza. Nataka na mimi niwe na kitu cha kuwaonyesha wanangu, kwamba na mimi nilikuwepo."

Paskazia alichelewa kusema. Aliposema hakumtazama mtu. "Mnasema nilimwona Sikudhani. Sikumwona. Sikumpa Sikudhani pasi ile." "Nilimpa Fausta. Mkono ulisahau kwamba amekufa. Kwa ile sekunde moja alikuwepo, Mama, nakuapia, alikuwepo pale pale na mkono wake umeinuliwa. Ule wavu wa mwaka jana uko kwangu, na kila nikiutazama najua haukuwa wangu. Huu ndio wangu. Ni pasi yangu ya mwisho kwake, sitapata nyingine."

Sikudhani akaanza kulia. "Kwa hiyo hata pasi haikuwa yangu," akasema.

Sesilia alikuwa amefika kifundo cha mwisho. Wavu ukamwangukia mikononi, mwepesi, kitu kisichokuwa na uzito wowote. Aliwasikia wote watatu na aliona kila mmoja ana haki. Lakini kulikuwa na sauti ya nne, na hiyo ilikuwa inacheka. Tuone kama utaninyima kitu nilichokifuma mimi. Alikuwa amemnyima mara moja kwa kuogopa maneno ya watu. Alijua msumari bado uko nyuma ya mlango, na alitamani, kwa tamaa ambayo hajawahi kuwa nayo kwa kitu chochote duniani, aurudishe wavu pale, afunge mlango, autazame. Na wakati huo huo alijua kwamba akifanya hivyo, kuna wasichana watatu watakaorudi makwao mikono mitupu, mmoja akiwa na mkono uliovunjika, ili yeye apate kitu cha kutazama.

Aliposhuka kipandio cha kwanza, kocha Chilewa alikuwa amefika chini ya ngazi kutoa pongezi, kofia mkononi, jinsi waungwana wanavyofanya.

"Hongera sana, Mama Fausta," akasema.

Wasichana wakainamisha vichwa. Tangu mwezi wa pili, jina hilo lilikuwa halijatamkwa mbele yake.

"Ahsante, Mwalimu," Sesilia akasema. Sauti yake ilitoka sawasawa, sijui ilitoka wapi.

"Binti yako mwaka huu nimemtafuta kwenye kona yake, sikumwona. Ameolewa mbali?" Mzee akatabasamu. "Mwambie Chilewa kakubali. Kikapu kile, hata kama kakifunga mwingine, ni chake yule."

Sesilia akaukusanya wavu kifuani.

"Nitamwambia," Sesilia akasema.

Mzee akavaa kofia yake, akaenda zake, hakujua alichokisema.

Basi, wasikilizaji wangu, nimewafikisha. Najua mtakachotaka kuniambia, kwa hiyo nianze kuwafungia milango. Usiniambie wavu ukatwe vipande vinne. Ukiukata, una vipande vya manila, wavu hauna. Usiniambie wapokezane mwezi kwa mwezi, maana mmoja anahamia Kahama na mmoja yuko chini ya udongo. Usiniambie wafume mwingine. Aliyefuma huu hafumi tena. Na usiniambie marehemu hahitaji kitu, kwa sababu hukuwepo siku ile alipouliza huku akipangusa mikono, "Ningekuwa mtoto wa jirani, ungenipa?" Mama yake alikuwepo, na hajawahi kulijibu swali hilo.

Aliyerusha kwa marehemu? Aliyevunjika akisimama? Aliyekanyaga alipokatazwa? Au aliyeufuma, na akanyimwa wa kwanza?

Semeni wenyewe, ila msiropoke. Jua linazama, watu wameanza kuondoka, na kwa desturi yao kocha hatoki uwanjani na wavu mkononi. Mama Fausta amefika kipandio cha mwisho na mguu wake bado haujagusa chini. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na wa nne anamsikia peke yake. Ungekuwa wewe uko kwenye ngazi ile, wavu ungempa nani?